Dume wa kitalu kidogo: uchambuzi wa kisa cha uwindaji wa kulungu ndani ya uzio

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kusini mwa jimbo la Texas, Marekani, katika ranchi ya mtu binafsi iliyozungushiwa uzio mrefu. Jina la ranchi, eneo lake hasa, mwaka na majina ya wahusika yameondolewa. Ukubwa wa vitalu na viwango vya fedha nimevisogeza kidogo ili asitambulike mtu, lakini uwiano wake umebaki. Jimbo nimeliacha wazi kwa sababu bila sheria zake kisa hakieleweki. Huko Montana wapiga kura walipitisha mwaka 2000 kura ya maoni iliyopiga marufuku kulipisha watu ada ili wapige wanyama wa mashamba ya kufugia wanyamapori. North Dakota pendekezo linalofanana na hilo lilikataliwa kwenye sanduku la kura mwaka 2010. Texas jambo hili ni halali, na ni biashara kubwa.

Waliohusika ni watatu: mwenye ranchi, mwongozaji wa wawindaji aliyeajiriwa naye, na mgeni aliyelipa. Maelezo nimeyapata kwa mwongozaji na mgeni, kila mmoja kwa wakati wake. Ya mwenye ranchi yalinifikia baadaye na kwa ufupi zaidi, na pale yanapopingana na ya wenzake nimesema.

Usuli: ardhi, uzio na pembe

Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas iko mikononi mwa watu binafsi. Anayetaka kuwinda kulungu wa mkia mweupe huko, mara nyingi hana budi kumlipa mwenye ardhi. Hata hivyo kulungu mwenyewe kisheria ni mali ya wananchi wa jimbo, hata akiwa ndani ya uzio wa mtu. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuingia na huduma. Uzio wa kawaida wa ng'ombe haumzuii kulungu, anauruka bila shida. Uzio mrefu, wa futi 8 hivi, yaani karibu mita 2.4, unamzuia. Juu ya hapo, jimbo hutoa kibali maalumu cha kuzalisha kulungu zizini na kuwaachia baadaye kwenye ardhi iliyozungushiwa.

Ranchi hii ilikuwa na ekari zipatazo 1,500, vichaka vya miiba na mipungate, na bonde moja linaloshika maji mvua ikinyesha. Ndani ya uzio mkuu palikuwa na uzio mwingine uliotenga kitalu cha ekari 90 karibu na mazizi ya uzalishaji. Wenyeji wa ranchi walikiita kitalu kidogo. Ng'ombe walikuwa wameshaacha kulipa gharama zao. Miaka miwili ya ukame ilikuwa imepunguza malisho, na pembe za madume wa kitalu kikubwa zilikuwa fupi kuliko kawaida.

Pembe ndizo zinazopanga bei, kwa hiyo nizieleze. Dume wa kulungu hudondosha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Ukubwa wake hutegemea umri, lishe na ukoo. Hupimwa kwa kujumlisha inchi za urefu wa pembe kuu, matawi yake, unene na upana. Katika ranchi hii dume wa hadi inchi 150 alilipiwa dola 6,000, na aliyezidi inchi 200 dola 15,000. Dume wa inchi 200 ni nadra mno porini. Zizini, kwa ukoo uliochaguliwa na chakula cha protini nyingi, anapatikana.

Mgeni alikuwa mwindaji wa miaka mingi, amepita miaka 60, goti moja bovu. Huko kwao alizoea kuwinda katika misitu ya umma isiyo na uzio, ila goti lilikuwa limeanza kumkatalia. Alipopiga simu kuweka nafasi aliuliza swali moja la maana: je, kulungu wa hapo ni wa kufugwa? Mwenye ranchi akamjibu, "Wote wamekulia kwenye ardhi yetu."

Yaliyotokea

Siku ya kwanza mwongozaji alimpandisha mgeni kwenye dungu katika kitalu kikubwa kabla ya mapambazuko. Majike walipita, wakaja na madume wachanga. Karibu saa nne asubuhi alitokea dume mzima, ambaye mwongozaji alimkadiria miaka mitano au sita, kama mita 200 mbele yao, pembeni mwa kichaka. Upepo ukageuka. Dume alipiga mguu chini mara mbili, akakoroma, akainua mkia mweupe na kutokomea. Mgeni hakuwahi hata kuweka bunduki begani. Jioni, wote wawili wananiambia, alikuwa mchangamfu, akimsimulia kila mtu mezani jinsi dume yule alivyomshinda. Alisema pia kwamba akibahatika kumpata atapeleka vipimo kwenye kitabu cha kumbukumbu cha Boone and Crockett Club, chama cha wawindaji kinachoandikisha wanyama wenye pembe kubwa kabisa. Mwenye ranchi alikuwepo mezani, na mwongozaji pia.

Siku ya pili upepo ulikuwa mkali, na hawakuona kitu cha maana.

Usiku ule mwenye ranchi alimwita mwongozaji pembeni. Kesho, alisema, mpeleke kitalu kidogo. Huko palikuwa na dume aliyezaliwa kwa mzalishaji mwingine, akanunuliwa akiwa na miaka miwili, akalelewa zizini, kisha akaachiwa humo kabla ya msimu kufunguliwa. Pembe zake zilizidi inchi 200. Mwongozaji alimjua vizuri, maana yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea chakula. Alijua kwamba dume huyo akisikia gari la ranchi hujongea. Alijua pia kwamba kile chombo cha kumwagia mahindi kilichofungwa kitalu kidogo kimetegwa saa ile ile aliyozoea kulishwa zizini.

Mwongozaji alipinga. Kwa kumbukumbu zake alisema, "Huyu si wa kuwindwa, huyu anatujua." Mwenye ranchi akajibu kwamba sheria inaruhusu, kwamba mgeni mwenye goti lile hatapata nafasi nyingine, na kwamba bili ya chakula cha kulungu inamsubiri. Mwenye ranchi anakumbuka mazungumzo mafupi zaidi na hakumbuki kupingwa.

Alfajiri ya siku ya tatu, ndani ya gari, mwongozaji alimwambia mgeni, "Mzee, dume wa leo si kama wale wa juzi." Alikusudia kumwonya. Mgeni alielewa kwamba ni mkubwa zaidi, akafurahi.

Hawakufika hata dunguni. Gari liliposimama, dume alitoka kichakani na kusimama kama mita 40 mbele yao, masikio ameyaelekeza kwenye chombo cha mahindi. Hakupiga mguu, hakukoroma, na mkia ulibaki chini. Mgeni alishuka, akaegemeza bunduki kwenye nguzo ya lango na kupiga risasi moja. Dume alianguka pale pale.

Alipomkaribia ndipo alipokiona kipande cha plastiki sikioni, alama ya kulungu wa zizini. Mwongozaji alikuwa ameagizwa picha zipigwe kutoka upande wa pili. Hakufanya hivyo. Mgeni alipouliza, alimweleza yote.

Maamuzi, na sababu za kila mmoja

Mwenye ranchi aliamua mapema kumwachia dume kitalu kidogo badala ya kikubwa. Sababu zake zilikuwa za fedha na zinaeleweka. Wakati wa kupandana madume hupigana, na aliyetoka zizini huenda akauawa na madume wenyeji au akapotelea vichakani, akaenda na maelfu ya dola. Katika ekari 90 alikuwa na uhakika wa kumpata. Lakini uhakika huo ndio uliogeuza kilichofuata kuwa kitu kingine.

Jibu la simu lilikuwa uamuzi pia. "Wamekulia kwenye ardhi yetu" ni kweli kwa namna moja: dume huyu aliishi miaka kadhaa zizini, na zizi liko kwenye ardhi hiyo. Lakini muulizaji hakuuliza mazizi yako wapi. Aliuliza kama mnyama ni wa kufugwa, na jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Mwongozaji alikuwa na njia tatu: kukataa kwenda, kusema wazi, au kwenda kwa kudokeza. Alichagua ya tatu kwa sababu mshahara wake wa msimu ulitoka mkono ule ule, na kwa sababu alitumaini mgeni ataona mwenyewe na kukataa. Simlaumu kwa hofu. Namlaumu kwa kumwachia mgeni kazi ya kutambua, wakati mgeni ndiye pekee kati ya watatu aliyekosa taarifa.

Na mgeni aliamua kupiga. Ananiambia kwamba kuna sekunde alishangaa mbona dume hakimbii. Alijiambia kwamba ni bahati.

Matokeo

Mgeni alilipa dola 6,000 na kukataa kulipa nyongeza. Baada ya mabishano ya siku mbili mwenye ranchi aliiachilia. Kichwa na pembe hakuvichukua. Nyama aliichukua, lakini baada ya majibu ya kipimo cha ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ambao nitaueleza mbele, kurudi yakiwa safi. Hakuna aliyekwenda mahakamani, na hakuna sheria iliyovunjwa ambayo nimeweza kuibaini.

Kitabu cha kumbukumbu kilikuwa na pigo lake. Boone and Crockett Club, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake, haipokei mnyama aliyepatikana ndani ya uzio asioweza kuutoka. Maana yake hata dume wa siku ya kwanza, yule aliyemkimbia kwa heshima zote, asingeingia kitabuni. Watu wawili walilijua hilo mezani na wakanyamaza.

Uchambuzi

*Uzio wenyewe haukuamua.* Wapo wanaosema uzio ukishakuwepo mjadala umekwisha. Kisa hiki kinanizuia kukubali. Siku ya kwanza na siku ya tatu zilikuwa ndani ya uzio mkuu mmoja, na zilikuwa mambo mawili tofauti. Dume wa kulungu kwa kawaida huzungukia eneo la mamia ya ekari. Ndani ya vichaka vya ekari 1,400 anaweza kuishi maisha yake yote bila kuugusa uzio, akajua kila njia, akatumia pua na masikio dhidi ya mtu na kushinda. Yule wa kwanza alifanya hivyo hasa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mnyama alikuwa na jambo la kufanya dhidi ya mwindaji, na alijua kwamba anahitaji kulifanya? Ekari 90 zinaweza kupunguza sehemu ya kwanza. Kulelewa kwa mkono na kuzoezwa mlio wa gari kunaiua ya pili kabisa, hata ungempa ekari 10,000.

Ndiyo maana mkia ulioinama wa siku ya tatu una uzito kuliko urefu wa nguzo. Kulungu anapoinua mkia na kupiga mguu, anawatahadharisha wenzake na kumjulisha adui kwamba ameonekana. Dume wa kitalu kidogo hakutoa dalili yoyote kwa sababu mbele yake hakumwona adui. Alimwona mtu wa chakula. Hapo mwindaji hashindani na akili ya mnyama. Anavuna imani ambayo mtu mwingine aliipanda kwa miezi mingi akiwa na ndoo mkononi.

*Hoja za mwenye ranchi zina uzito.* Sizitaji kwa adabu tu. Ardhi hii isipolipa kwa kulungu itakatwa viwanja, na vichaka vitakwisha pamoja na ndege, nyoka na kila kilichomo. Uzio humwezesha kuwaacha madume wafikie umri wa utu uzima badala ya kupigwa wakiwa na mwaka mmoja na nusu kwa jirani, na kupunguza majike pale malisho yanapozidiwa. Kuhusu maumivu yuko sahihi zaidi kuliko wapinzani wake wengi: risasi ya mita 40 kwa mnyama aliyetulia iliua papo hapo, wakati risasi ya mita 200 kwenye upepo wa siku ya kwanza ingeweza kumjeruhi dume na kumwacha afe vichakani baada ya siku mbili. Ukipima kwa maumivu peke yake, siku ya tatu ilikuwa bora.

Lakini tukipima hivyo, basi tumeingia katika kipimo cha uchinjaji, na kwa kipimo hicho kazi ilifanyika vizuri. Mfugaji anayemchinja mnyama aliyemlea haitwi msaliti, kwa kuwa hajidai kuwa alimshinda. Ubaya wa kitalu kidogo ulianza pale uchinjaji wa haraka na wa huruma ulipouzwa kwa jina na bei ya windo, na pembe zikawa ushahidi wa ushindi ambao haukutokea.

Hoja ya goti nayo isipuuzwe. Watu wazee na wenye ulemavu wana haki ya kuwinda, na ardhi ya binafsi yenye madungu ya kufikika kwa gari huwafungulia mlango. Ila tazama kwamba goti halikumzuia mgeni siku ya kwanza. Dungu lilitosha. Alirudi mikono mitupu akiwa na furaha. Goti lilikuwa kisingizio cha uamuzi uliosukumwa na bili.

*Aliyedanganywa zaidi.* Wengi niliowasimulia kisa hiki husema ni kulungu. Nafikiri ni mgeni, na naona ni muhimu kulisema hivyo kwa sababu udanganyifu wa mgeni ungeweza kuzuiwa kwa sentensi moja. Angeambiwa kwenye simu, "Tuna madume wa aina mbili: walioko kitalu kikubwa, na wa zizini tunaowaachia kitalu kidogo," angechagua mwenyewe. Wapo wageni wanaochagua kitalu kidogo wakijua, na ingawa mimi nisingechagua, siwezi kusema wametapeliwa. Mgeni huyu alinyang'anywa uamuzi wa kimaadili ambao ulikuwa wake. Alifanywa kutenda jambo ambalo, kwa maneno yake mwenyewe ya jioni ya kwanza, asingelitenda. Sheria ya uwindaji ya jimbo ilinyamaza hapo, kwani inapanga vibali, misimu na alama za masikio. Haipangi kile unachomwambia mtu kwenye simu.

*Kilichofanyika vizuri.* Sampuli ya tezi ilichukuliwa siku ile ile na nyama ikasubiri majibu. Katika biashara hii hilo si jambo dogo. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaosababishwa na protini zilizojikunja vibaya ziitwazo prioni, ulionekana kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti Colorado. Texas uligunduliwa mwaka 2012 kwa kulungu wa porini magharibi mwa jimbo, na mwaka 2015 kwa kulungu wa mkia mweupe katika zizi la uzalishaji kaunti ya Medina. Hauna tiba. Mnyama anaweza kuwa nao kwa zaidi ya mwaka akionekana mzima, na prioni hudumu udongoni kwa miaka. Haijathibitishwa kwamba humwambukiza binadamu, lakini wataalamu wa afya hushauri nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe.

Hapa ndipo uzio unanitia wasiwasi kuliko katika mjadala wa haki ya mwindaji. Dume huyu alisafirishwa kutoka kwa mzalishaji mwingine. Kila usafirishaji wa namna hiyo unaweza kubeba ugonjwa umbali ambao kulungu wa porini asingetembea maishani mwake, na uzio wa safu moja hauzuii pua kugusana na pua. Kulungu walio upande wa pili ni wa wananchi wa jimbo. Majibu safi ya dume mmoja ni habari njema kwa mlaji wa nyama ile, lakini maambukizi machanga huweza yasionekane kwenye kipimo, kwa hiyo hayasemi lolote la uhakika kuhusu zizi alikotoka.

Jambo jingine jema ni kwamba mwongozaji hakugeuza kamera. Angeficha sikio, mgeni angeondoka na pembe, angelipa dola 15,000 na kujaza fomu ya kumbukumbu ambayo ingekataliwa mbele ya watu anaowaheshimu. Uaminifu wake ulichelewa kwa saa moja tu, lakini saa hiyo ilikuwa na risasi ndani yake.

Yaliyofuata kwenye ranchi

Kitalu kidogo bado kipo. Mwongozaji aliomba asipangiwe tena huko, akakubaliwa, na amepoteza bakshishi nzuri kwa sababu hiyo. Mimi nimependekeza uzio wa kati uondolewe na madume wa zizini waachiwe kitalu kikubwa wakiwa wachanga, kabla hawajamzoea mtu, wapate miaka ya kujifunza vichaka. Mwenye ranchi amepiga hesabu na kusema hawezi kubeba hasara ya watakaokufa. Tumeachana hapo.

Alichokubali ni fomu mpya anayotumiwa kila mgeni kabla hajalipa. Inataja ekari za kila kitalu, inasema ni madume gani wametoka zizini na waliachiwa lini, na inaeleza kwamba saa ya chombo cha mahindi inafuata saa ya zizi. Bado haisemi kwamba mnyama yeyote wa ranchi hiyo, hata wa kitalu kikubwa, hataingia katika kitabu cha Boone and Crockett. Nimemwandikia kuhusu mstari huo, naye amejibu kwamba utaongezwa kabla msimu haujafunguliwa, Jumamosi ya kwanza ya Novemba.